Msimu Niliomfundisha Yona Kushika Sikio

Shangazi Loi tulimzika mwezi uliopita, kule upande wa Kongwa, kwenye udongo ule mwekundu unaoingia mpaka ndani ya soksi. Mchungaji alisimama akasema marehemu alichukua watoto wawili wa kaka yake waliofiwa na mama, akawalea kama wa tumbo lake. Watoto hao ni mimi na mdogo wangu Yona. Watu wakanigeukia na nyuso za huruma, mimi nikaangalia mbele. Nilitia udongo wangu kaburini, nikanawa mikono, nikala wali wa msiba, nikapanda basi nikarudi Dodoma. Msibani si mahali pa kusema. Hapa ndipo pa kusema.

Na asije mtu akanilaumu kwamba namsema maiti kwa kuwa hawezi kujibu. Mwaka juzi alipopooza upande mmoja walimleta kwenye wodi ninayofanyia kazi, na kwa wiki sita nilikaa naye uso kwa uso. Mimi kazi yangu ni kuwachezesha wagonjwa. Wenye vyeti wanaiita tiba ya michezo, wagonjwa wananiita Mama Michezo. Nilimrushia shangazi mpira wa matambara, nikamwimbia nyimbo za kwetu, nikamshindanisha bao na mzee mmoja wa Msalato aliyekuwa anaiba kete mchana kweupe, mpaka mkono wake ukaweza kushika kikombe cha uji bila kumwaga. Siku anaruhusiwa nilimuuliza kama anakumbuka alichonitamkia nikiwa mtoto. Akasema, "Mwanangu, watu wazima tunasema mengi." Basi, ikaishia hapo. Sikumsamehe, lakini nilimchezesha vizuri kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kupita mikononi mwangu, na hilo najivunia.

Aliyenifungua mdomo hasa ni mwanafunzi wa chuo, binti anaitwa Happiness, aliyekuja kazini na karatasi za utafiti wake siku chache baada ya mazishi. Alitaka kujua sisi tunaochezesha wagonjwa tumezaliwa wa ngapi makwetu. Hamisi, kijana wetu aliyeisomea kazi hii mpaka shahada, akamrukia kabla hajamaliza swali.

"Mimi kitinda mimba, wa tisa. Nyumbani nilikuwa kama mpira, huyu ananirusha kwa yule. Ningefanya kazi gani nyingine?"

Tukacheka. Happiness akanigeukia.

"Na wewe mama, wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Unadhani kuzaliwa wa kwanza kulichangia wewe kuichagua kazi hii?"

"Kuichagua," nikasema. "Wewe andika tu, wa kwanza."

Akaweka alama ya vema kwenye kisanduku, akaenda kwa mwingine. Mtoto wa watu hakufanya kosa lolote. Ila kile kisanduku kilikuwa kidogo mno kwa jibu langu, na tangu siku ile jibu limekuwa likinitoka lenyewe, nikiosha vyombo, nikisubiri maji ya bomba. Sasa naliandika. Darasa nililoishia mimi ni la tatu, kwa hiyo atakayekuta herufi zimekaa vibaya anisamehe.

Mama yetu alifariki siku chache baada ya kumzaa Yona. Uchungu ulimshika siku mbili. Shangazi Loi alisema wanawake wote wanazaa, hakuna haja ya kusumbua watu, na baba akasubiri. Hapa nimtaje baba yangu, Elia, maana naye yumo. Hakuwa mkatili, hata fimbo yake ilikuwa nyepesi. Alikuwa mtu wa kusubiri mwingine aamue. Alipokubali kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni ampeleke hospitali, mama alikuwa hawezi tena hata kuitika, na Yona alipotoka alikaa kimya muda mrefu, akalia baadaye kabisa, kilio chembamba kama cha mbuzi aliyezaliwa usiku wa baridi.

Umri wa kutambaa ulifika, Yona hakutambaa. Miguu ilijikaza kama vijiti, mkono wa kulia ukajikunja kifuani kama bawa la kuku. Kusema alisema, tena maneno yake yalikuwa ya maana, lakini yalitoka polepole, moja moja, na watu wengi hawakuwa na subira ya kungoja la pili.

Mimi nilikuwa mtoto wa miguu. Kijiji kizima kilinijua kwa mbio. Nilikimbia kwenda kisimani na kurudi na ndoo kichwani, nilishindana na wavulana wachunga ng'ombe nikawaacha wakihema. Basi siku moja nilikuwa uani natwanga uwele, shangazi amekaa kwenye kigoda na jirani yake mmoja wanachambua mlenda. Jirani akauliza kwa nini Yona yuko vile. Shangazi akaninyooshea kidole, hata sauti hakupunguza.

"Si huyu hapa? Huyu wa kwanza alilimaliza tumbo lote. Tazama miguu hiyo. Mwenzake alipokuja akakuta makombo."

Jirani akaitazama miguu yangu, akaguna.

Ninyi mliokwenda shule mtasema ni maneno ya uani. Mimi niliyaamini kama yalivyo. Nikaona tumbo la mama kama ghala la mtama, na mimi nimeingia kwanza nikabeba magunia yote ya miguu na mikono, nikafagia na sakafu. Miguu niliyokuwa nayo ilikuwa minne, miwili yangu na miwili ya Yona. Toka siku hiyo nikaacha kukimbia. Nilikwenda kisimani kwa mwendo wa bibi kizee. Wavulana walinizomea, "Damari kapata mimba," nami sikuwajibu. Nilikuwa naitunza miguu isichakae, kwa kuwa niliamini siku moja nitaambiwa niirudishe, na sikutaka nimrudishie mdogo wangu kitu kilichotumika.

Sababu hasa ya Yona kuwa vile nimekuja kuijua nikiwa mtu mzima, nafagia wodi, daktari mmoja aliponieleza kwamba mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa ubongo wake unaumia. Alinieleza huku anasaini karatasi. Nilishika fagio langu, nikamwambia asante dokta, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka wenzangu wakaja kunigongea.

Nirudi kijijini. Enzi zile vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya watu wa mjini. Mtoto akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Vidole vikifika kwenye sikio, amefika miaka saba, anaandikwa. Visipofika, ni mdogo, arudi mwakani. Wazee wenzangu mnakumbuka, wengine mlivuta shingo mpaka ikauma ili mfike.

Mwaka ambao Yona alitimiza saba, baba alitupeleka shuleni, Yona akiwa mgongoni kwangu ndani ya kanga. Mimi nilikuwa darasa la tatu pale pale, nikikaa dawati la pili, na hesabu za kugawanya nilizijua kuliko mtoto wa mwalimu. Mwalimu mkuu aliitwa Zakaria. Naye namtaja. Alikuwa na meza chini ya ukuta wenye kivuli, na daftari kubwa, na kiboko pembeni ya daftari.

"Mkono wa kulia," akasema. "Pitisha juu, shika sikio la kushoto."

Yona alikuwa na mkono wa kushoto mzima kabisa. Akauinua huo, ukavuka kichwa kwa urahisi, akashika sikio la kulia.

"Nimesema wa kulia. Wa kuandikia."

Tuliufungua mkono wa kulia. Ndiyo, tuliufungua, kwa sababu Shangazi Loi alikuwa ameagiza mkono ule ufungwe kifuani kwa kitambaa kila siku, usije ukawa unatikisika mbele za wageni. Ulikuwa umeshazoea kukaa pale. Yona alijitahidi, jasho likamtoka puani, mkono ukapanda mpaka kwenye paji la uso ukagoma.

"Bado," akasema Mwalimu Zakaria. "Umri haujafika."

Baba akakohoa. "Mwalimu, huyu ana miaka saba. Tunajua alipozaliwa, ndio mwaka mama yake—"

"Mzee Elia, mimi siuulizi mdomo. Nauuliza mkono. Mrudishe mwakani, na mwakani mkono ukiwa ni huu huu usije tena, nafasi ni za watoto watakaosoma."

Hapo ndipo kichwa changu cha mtoto kilipochanganya mambo kabisa. Niliamini umri unakaa kwenye mkono. Niliamini Yona ana miaka sita kweli, na kwamba ataendelea kuwa na sita, wenzake wakiota ndevu yeye atakuwa na sita, mpaka siku mkono ufike. Na aliyemnyima mkono ni mimi.

Nyumbani shangazi alishaamua kabla hatujavua viatu.

"Shule ya nini sasa? Msimu wa ndege unakuja, na huyu mtoto ni mzito, mimi mgongo sina. Damari atoke shule ambebe. Aliyemaliza tumbo ndiye atakayebeba."

Nikamtazama baba. Baba akautazama mlango.

Nililia siku tatu. Siku ya nne baba alinikuta zizini, akasema akiwa amenipa kisogo, "Mwakani mdogo wako akiandikishwa, na wewe utarudi darasani kwako. Nimeshasema." Yalikuwa maneno mengi kwa baba. Niliyashika kama kiapo. Kwa hiyo mkono wa Yona ulikuwa umebeba mambo mawili, miaka yake saba na darasa langu la tatu, na muda tuliopewa ulikuwa mwaka mmoja.

Shamba letu la mtama lilikuwa mbali na nyumba. Katikati yake kulikuwa na dungu, kichanja kirefu cha miti ambacho mwamia ndege anakaa juu kufukuza kwelea kwelea. Kwenye dungu zilitoka waya, tuseme waya na kamba zilizoungwaungwa, kwenda kwenye pembe nne za shamba, zimening'inizwa makopo ya kutu. Waya zile baba aliziokota kwenye mabaki ya lile shamba kubwa la karanga la wazungu, nchi nzima ya kwetu ilijengwa kwa mabaki yale. Ukivuta kamba juu ya dungu, makopo yanapiga kelele shamba zima, ndege wanaruka kama moshi. Ndugu yangu, asiyeona kwelea kwelea hajui njaa inatoka wapi. Wakitua asubuhi, kabla ya saa sita mtama umebaki mabua.

Nilipanda na Yona mgongoni kila siku jua likitoka, na kibuyu cha uji, na shuka la kujifunika. Kitu cha kwanza nilichofanya tukifika juu ni kufungua kile kitambaa cha kifuani. Nilikifungia kwenye nguzo ili nisisahau kukirudisha jioni, maana shangazi angenichapa.

Mwanzo nilikosea, kama wanavyokosea hata hawa vijana wenye shahada wakija kazini wiki ya kwanza. Nilimwamrisha. "Yona, inua mkono. Inua. Inua zaidi." Nikimwambia inua, mkono unakaza kama mlango uliotiwa komeo. Niliuvuta kwa nguvu mara moja, akapiga kelele, nikaogopa nikauacha. Siku tano zikapita bure. Mara moja nilimzaba kofi, na hilo pia naliandika, kwa sababu nikitaja ya wenzangu lazima nitaje na yangu.

Siku ya sita nilikuwa nimesinzia. Kundi kubwa la kwelea kwelea likaja kutoka upande wa mlima, na kamba ya pembe ile ilikuwa imefungwa juu ya nguzo upande wa kulia wa Yona. Niliposhtuka makopo yalikuwa yanalia. Yona alikuwa ameivuta. Kwa mkono wa kulia. Alikuwa anacheka, anawatazama ndege, mkono wala haujui.

Nilielewa jambo ambalo Hamisi ananiambia limeandikwa kwenye vitabu vyao kwa maneno marefu, kwamba mkono ukiambiwa inuka unagoma, lakini ukiwa na kazi inayopendeza unakwenda wenyewe. Mimi niliyesomea juu ya dungu nililijua kabla Hamisi hajazaliwa. Niacheni nijivune.

Kuanzia hapo tukacheza. Ndege tuliwapa majina. Lile kundi kubwa lenye kelele, linalotua popote na kula cha mtu yeyote, tuliliita Shangazi Loi. Wale wachache wanaokuja kimya, wanachagua suke moja wanalidonoa kwa mpangilio, tuliwaita Mwalimu Zakaria. Na wale wanaofuata wenzao nyuma bila kujua wanakwenda wapi, hao waliitwa Baba.

"Yona, nani yule anakuja?"

"Mwa-limu," anasema, macho yamemtoka.

"Amefuata nini?"

"Anahesabu ma-suke."

"Utamwacha?"

Kamba inavutwa, makopo yanalia, Mwalimu Zakaria anaruka na kiboko chake. Tulicheka mpaka dungu linatikisika. Akija Shangazi Loi, Yona alivuta mara mbili.

Na mimi nilikuwa na siri yangu. Kila siku chache, Yona akiwa amelala mchana, niliipandisha kamba juu ya nguzo, unene wa kidole kimoja, nikachora alama kwa kisu. Kisha nikaanza kuihamisha, isiwe upande wa kulia tena, ivuke kidogo kidogo kuja juu ya kichwa chake, kuelekea kushoto. Hakujua. Aliona tu ndege wanazidi kuwa wajanja. Alilalamika mara moja, "Dada, Shangazi anakuja juu sana siku hizi," nikamwambia ndiyo, amenenepa, anaruka kwa shida. Mtama ulipovunwa nikahamishia makopo kwenye nguzo ya zizi, tukawa tunafukuza kuku. Shangazi alipiga kelele kwamba tunamtia wazimu. Kuku nao tukawapa majina, lakini hayo siyasemi, wenye majina hayo wengine bado wako hai.

Mwaka ulizunguka, siku ya kuandikisha ikafika. Nilimwogesha Yona, nikampaka mafuta ya nyonyo mpaka akang'aa. Shangazi Loi naye akasema anakwenda, eti akaone mwisho wa mchezo. Alivaa kitenge chake cha kanisani.

Tulikuta watu wengi kuliko mwaka uliotangulia. Watoto wamejipanga, wazazi wamesimama pembeni. Mwalimu Zakaria alikuwa kwenye meza ile ile. Zamu yetu ilipofika alinyanyua macho, akashusha kalamu.

"Mzee Elia. Tulisemaje?"

Baba akakohoa. Shangazi akajibu badala yake, "Mjaribu tu, mwalimu, tuondoke mapema."

Nikafungua kanga, nikamkalisha Yona chini, nikamwegemeza kwenye mguu wa meza. Kitambaa cha kifuani nilikuwa nimekiacha nyumbani makusudi, na shangazi alikuwa ameshaliona hilo, ananitazama kwa jicho la baadaye utaniona.

"Mkono wa kulia," akasema mwalimu. "Inua."

Nikafumba macho. Neno hilo hilo.

Mkono ulitoka kifuani, ukapanda mpaka kidevuni, ukakaza. Yona akanitafuta kwa macho. Nyuma yetu mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya.

"Inua, nimesema. Inua."

Ukazidi kukaza, vidole vikawa ngumi. Mwalimu Zakaria alishachukua kalamu na kutazama nyuma yetu, kwa mtoto anayefuata. Baba alikuwa anatazama kofia yake.

Sikupanga kusema nilichosema. Nyumbani kingeweza kunipata chochote, lakini niliona darasa langu la tatu linafungwa mlango, na Yona anabaki na miaka sita mpaka anazeeka. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema kama tunavyosema kule juu, kwa sauti ya kawaida, lakini ua lote lilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Yona. Shangazi Loi ametua kwenye mtama. Lote lile kundi. Anakula na mbegu."

Yona alinitazama. Kisha alimtazama shangazi mwenyewe, amesimama pale na kitenge chake, mdomo wazi. Kicheko kikamtoka mtoto yule, kicheko cha tumbo, mabega yakalegea. Na mkono ukaondoka. Ukapita mdomo, ukapita paji la uso, ukavuka katikati ya kichwa kama unatafuta kamba, ukashuka upande wa pili. Vidole vikafunguka. Akalishika sikio la kushoto akalivuta, mara mbili.

Watu walicheka, lakini si kwa kumcheka yeye. Mzee mmoja akasema, "Kumbe Loi ndiye dawa." Shangazi akageuka kama anatafuta njia ya kupita. Mwalimu Zakaria alikaa na kalamu yake hewani. Yeye alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa imetimia mbele ya kijiji kizima.

"Jina," akasema.

"Yona Elia," nikajibu mimi, kwa sababu baba alikuwa bado anakohoa.

Akaandika. Nilisimama nikaitazama kalamu mpaka ikamaliza. Kisha nikasema, "Na mimi, mwalimu. Damari Elia. Darasa la tatu."

Mwalimu akamtazama baba. Nami nikamtazama baba. Nakumbuka alivyoizungusha kofia mikononi, na alivyomtazama dada yake kabla ya kunijibu mimi.

"Sasa wewe ukikaa darasani," akasema, "nani atambeba kumleta na kumrudisha?"

"Si nitamleta na kukaa hapa hapa, baba. Shule ni moja."

"Na maji nani atachota mchana?" akasema Shangazi Loi. "Na kupika? Mwaka mzima umecheza juu ya dungu, sasa unataka kucheza na shuleni."

Baba akasema, "Mwakani tutaona."

Mwalimu Zakaria angeweza kusema neno. Aliyajua madaftari yangu. Alifunga daftari lake, akaita anayefuata. Hao watatu ndio niliotaka kuwataja, nimewataja.

Nilimbeba Yona kumpeleka na kumrudisha miaka saba, na mwakani ile haikuja. Kusoma ninakojua zaidi ya darasa la tatu ni kule alikonifundisha yeye mchana, kwenye daftari zake, mimi nikisonga ugali. Leo anatembea kwa magongo mawili, ni karani wa serikali, anaandika kwa mkono wa kulia mwandiko mzuri kuliko wangu, ana mke na watoto watatu. Mimi nilikuja mjini kufagia, nikaanza kuwachezesha wagonjwa kati ya fagio na ndoo, mpaka mganga mkuu mmoja akaninyang'anya fagio akanipa mpira. Wagonjwa waliopita mikononi mwangu siwezi kuwahesabu. Wengi waliinuliwa na kicheko.

Lakini siku ile sikuyajua hayo. Siku ile nilimfunga Yona mgongoni tukaondoka peke yetu, baba na shangazi wakabaki kusalimiana na watu. Njia ilikuwa na jua kali. Mikono yangu nimeikutanisha nyuma, chini ya makalio yake, maana alikuwa ameshakuwa mzito. Nilikuwa nalia bila sauti, yeye hakuona, alikuwa bado ameshika sikio lake, hataki kuliachia, kiwiko kinanigonga kichwani kila hatua.

"Dada. Sasa nina miaka saba?"

"Unayo."

"Shika na wewe sikio."

"Siwezi, Yona. Mikono imekushika wewe."

Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyokuwa anafikiri kila kitu. Kisha akaliachia sikio lake. Nikausikia mkono wa kulia unapanda nyuma ya shingo yangu, unatetemeka, unapita juu ya kichwa changu, unashuka upande wa pili. Vidole vikatafutatafuta, vikaliona sikio langu la kushoto, vikalishika.

"Haya," akasema. "Na wewe umefika."